Fundi wa Baraka anayejaza hewa ya wazamiaji wa Pemba

Vijana wa Baraka, Mboko na Kalundu hujifunza kupiga mbizi kabla ya kujifunza kusoma. Wanazama kunasua nyavu iliyoshikwa na jiwe, wanazama kutafuta sufuria iliyomponyoka mama ziwani, wanazama kwa mchezo tu. Hakuna anayewalipa. Kwa hiyo mama mmoja wa Baraka alipoambiwa kwa simu kwamba mtoto wake wa kwanza anapata mshahara mahali ambapo wageni wanatoa dola nyingi ili waingie chini ya maji, watazame samaki, kisha watoke bila kukamata hata mmoja, aliuliza kama watu hao ni wazima wa akili.

Ni wazima. Wanakwenda Pemba, kisiwa cha Tanzania katika Bahari ya Hindi, kilomita 50 hivi kutoka pwani ya bara. Mabaharia Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha kijani, na mpaka leo kimejaa mikarafuu na minazi. Lakini kinachowavuta wazamiaji kiko chini. Kati ya Pemba na bara kuna mlango wa bahari wenye kina cha zaidi ya mita 800. Upande wa magharibi wa kisiwa, mtu anaelea kwenye maji ya mita tano au nane, matumbawe yako chini ya tumbo lake, anapiga miguu mara chache, na ghafla chini panakatika. Anabaki ananing'inia kando ya ukuta unaoshuka mpaka bluu inageuka nyeusi.

Mtoto huyo wa Baraka ana miaka arobaini hivi. Alikuwa fundi wa moteri za boti. Vita ilimvusha ziwa mpaka Kigoma, kazi ikampeleka Dar es Salaam, na moteri iliyokataa kuwaka ikamfikisha Pemba, ambako tajiri mwenye boti alimwomba abaki. Kazi yake si kuzama. Kazi yake ni kujaza hewa katika chupa ambazo wazamiaji wanabeba mgongoni. Wapemba wanaziita mitungi, yeye amebaki na neno la kwao.

Alipofika, alidhani ukuta ule ni mawe. Si kosa. Ziwa Tanganyika pia lina mawe yanayoshuka wima, maji yake ni maangavu, na samaki wadogo wa kila rangi wanazunguka kila jiwe. Tofauti ni kwamba jiwe la Pemba limejengwa na wanyama. Tumbawe ni mnyama mdogo sana, laini, mwenye mdomo na vidole vidogo kuuzunguka, na anajitengenezea nyumba ya chokaa. Maelfu wanajenga pamoja. Wakifa, wengine wanajenga juu yao. Matumbawe yenye matawi kama mti yanaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, yaliyonenepa kama gari, yanaongezeka kama sentimita moja tu. Nanga iliyotupwa ovyo inavunja kwa dakika moja kitu ambacho babu wa babu alikikuta kimeshaanza.

Katika nyumba hizo wanaishi wengine wengi. Pono anatafuna matumbawe kwa meno magumu, na mzamiaji akinyamaza anasikia sauti ya kutafuna. Chokaa anayoimeza inatoka nyuma yake ikiwa mchanga mweupe, na sehemu ya mchanga wa fukwe za visiwa inatokana na tumbo la samaki huyo. Chewa anajificha pangoni mdomo wazi. Pweza anabadili rangi mbele ya macho. Kasa anapita taratibu kama mzee anayetoka kanisani. Miamba ya matumbawe inachukua chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari duniani, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe vya bahari wanaitegemea.

Fundi alisikia habari hizo mwaka mzima kabla ya kukubali kwenda kuona. Aliogopa kitu kimoja. Mwalimu wa kuzamia alimwambia kwamba sharti la kwanza ni kutoshikilia pumzi hata mara moja. Mtoto wa ziwa anajua kinyume chake: ukiingia majini, funga pumzi. Ilibidi aelezwe vizuri.

Hewa inabanwa na maji. Juu ya maji mtu anabeba uzito wa hewa ya dunia, mara moja. Kila mita 10 anazoshuka zinaongeza mara nyingine moja. Kwenye mita 10 ni mara mbili, kwenye mita 20 ni mara tatu, kwenye mita 30 ni mara nne. Kijana wa Baraka anayezama kwa pumzi yake anashuka na hewa aliyoivuta juu. Inabanwa akishuka, inarudi kama zamani akipanda, hakuna shida. Lakini mwenye chupa anavuta hewa akiwa chini, ikiwa tayari imebanwa. Akipanda huku amefunga mdomo, hewa ile inapanuka ndani ya kifua na inaweza kupasua mapafu. Ndiyo maana anapumua bila kuacha, anaingiza, anatoa, kama mtu aliyelala.

Hesabu ya chupa ndiyo ilimfurahisha fundi zaidi. Chupa ya lita 12 iliyojazwa mpaka kipimo cha 200 ina hewa ya lita 2,400. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angekaa nayo saa mbili akiwa amekaa kivulini. Kwenye mita 10 ni saa moja. Kwenye mita 30 ni nusu saa tu, na hapo hajaweka akiba, wakati sheria ya boti ni kwamba kila mtu arudi juu akiwa na 50 ndani ya chupa. Mwenye woga anapumua haraka na anaimaliza mapema. Mtulivu anabaki na kuona mengi.

Siku aliyoshuka, kilichomshangaza kwanza ni rangi. Maji yanakula rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Kwenye mita 20, kitambaa chekundu kinaonekana kahawia, na damu ya kidole kilichokwaruzwa inaonekana ya kijani. Mwalimu alipowasha tochi ukutani, matumbawe yaliyokuwa ya kijivu yaliwaka mekundu na ya machungwa kama nguo za sikukuu. Chini ya miguu yake hapakuwa na kitu. Alimwambia mama yake baadaye kwamba ilikuwa kama kusimama nje ya dirisha la ghorofa ambayo haina mtaa.

Kupanda ndiko kulikochukua subira. Mzamiaji hapandi zaidi ya mita 9 kwa dakika, na akifika kwenye mita 5 anasimama dakika tatu bila kufanya lolote. Sababu ni naitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku. Chini ya mgandamizo inayeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda haraka inatoka kwa kutoa mapovu, kama chupa ya Fanta iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu hayo yakiingia kwenye viungo yanaleta maumivu makali. Yakiingia kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza.

Wakaaji wa Goma na Bukavu hawahitaji kwenda Pemba ili kuelewa jambo hilo. Ziwa Kivu lina hewa ukaa na methani nyingi zilizoyeyuka katika kina chake, na ni uzito wa maji unaozizuia zisipande. Kule Kamerun, Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa hewa ukaa yake kwa ghafla usiku, na watu karibu 1,700 wakafa vijijini.

Aliyepata kanuni ya kupanda kwa vituo ni Mskoti mmoja, John Scott Haldane. Mwaka 1908 yeye na wenzake walitoa majedwali ya kwanza ya wazamiaji, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi waliofungiwa ndani ya chumba cha hewa iliyobanwa. Chombo chenyewe cha kupumulia kilikuja baadaye, mwaka 1943, kazi ya Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Lakini Haldane alikuwa na kazi nyingine kabla ya mbuzi. Alichunguza kwa nini wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanakufa bila jeraha baada ya milipuko na moto ndani ya migodi. Akakuta muuaji ni monoksidi ya kaboni, hewa ya moto usiowaka vizuri. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi mtu. Akashauri wachimbaji washuke na panya mdogo au ndege ndani ya kizimba, kwa sababu mnyama mdogo anaanguka kwanza na watu wanapata muda wa kukimbia.

Hewa hiyo ndiyo adui wa kila siku wa fundi wa Baraka. Kompresa inayojaza chupa inaendeshwa na moteri, na moteri inatoa moshi. Mpira unaovuta hewa ukielekea upande wa moshi, sumu inaingia kwenye chupa, na chupa inaingia baharini mgongoni mwa mtu asiyejua. Sumu kidogo, ambayo juu ingeleta maumivu ya kichwa tu, kwenye mita 30 ina nguvu mara nne. Inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na ikishashika haiachii upesi.

Kwa hiyo asubuhi fundi haanzi na moteri. Anaanza na upepo. Anachota vumbi kidogo na kuliachia lianguke aone linakokwenda. Ziwani alizoea upepo wa jioni na wa alfajiri. Kisiwani amejifunza majina mengine: kaskazi inayovuma tangu mwisho wa mwaka, na kusi inayotawala katikati ya mwaka. Msimu ukibadilika anahamisha mpira upande wa pili wa banda na kuufunga juu, mbali na bomba la moshi. Anatoa maji kwenye kompresa kila baada ya dakika chache. Anabadili chujio kwa kuhesabu saa ilizofanya kazi, bila kusubiri harufu. Kila chupa inachunguzwa ndani mara moja kwa mwaka na kupimwa kwa mgandamizo wa maji kila miaka 5. Siku moja upepo uligeuka katikati ya kazi. Alizima moteri, akafungua chupa sita alizokuwa amejaza na kuimwaga hewa yote. Wageni walisubiri saa nzima wakinung'unika. Tajiri hakusema neno.

Wakati huo dada yake mdogo, aliyeolewa upande wa Masisi, alikuwa kambini magharibi ya Goma na watoto wawili. Nyumba yao ilikuwa ya miti na shitingi, na chini ni mawe ya volkano. Usiku mmoja wa mvua, baridi ilipozidi, aliingiza mbabula ndani, makala yakiwa yameshakuwa mekundu na moshi umekwisha. Akafunga shitingi vizuri ili maji yasiingie. Alfajiri aliamka kichwa kinapasuka, mtoto mkubwa anatapika, mdogo hataki kuamka. Jirani aliyekuja kuomba moto alifunua shitingi, akamvuta mtoto nje kwenye mvua, na mtoto akafungua macho.

Dada alimtumia kaka yake odio siku hiyo hiyo. Aliomba pesa za dawa ya malariya, sababu nyumba nzima iliugua kwa pamoja.

Yaya alisikiliza odio ile mara mbili. Hakuna aliyekuwa na homa. Wote watatu walianza usiku mmoja. Wote walipata nafuu walipokaa nje. Alipiga simu papo hapo akauliza mbabula ililala wapi. Dada akajibu kwamba ilikuwa ndani, lakini haikuwa na moshi. Fundi alimwambia kwamba hapo ndipo kosa liko: moshi unaoonekana unakimbiza mtu, usioonekana unamlaza. Akamtaka awapeleke watoto hospitali na aeleze kwa daktari habari ya makala, asiseme malariya.

Watoto walipona. Kuanzia hapo, simu za jioni kati ya Pemba na kambi zikawa somo. Mbabula inapikiwa nje, na hailali ndani hata kama makala yamefunikwa na majivu, kwa sababu chini ya majivu yanaendelea kuungua. Chungu cha maji kando ya moto hakisaidii, sumu hiyo haimezwi na maji. Aliyekutwa amelegea anatolewa nje kwanza, kabla ya kumwagiwa maji na kabla ya kuulizwa amekula nini, kisha anakimbizwa hospitali. Na watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa asubuhi moja, bila homa, waulize moto kabla ya kuuliza mbu.

Dada naye alikuwa na la kumfundisha kaka, kwa sababu kandokando ya Goma na Sake kuna hewa nyingine inayoua. Ni mazuku, hewa ukaa inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na inawakuta watoto na mbuzi kwanza kwa sababu ni wafupi. Mtu mzima anaweza kupita amesimama na mtoto aliyemshika mkono akaanguka. Hapo wenye kambi walikuwa wanajua: usijenge shimoni, usimlaze mtoto chini mahali penye bonde, usiteremke kumfuata aliyeanguka bila msaada. Lakini desturi hiyo ya kuogopa mabonde ilikuwa imewadanganya kuhusu makala. Waliamini kwamba ukiwa juu ya kitanda uko salama. Sumu ya makala haichagui chini wala juu, inajaza chumba kizima.

Matumbawe pia yana ugonjwa usiopiga kelele. Ndani ya ngozi ya kila tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Wanapata makao, na wao wanampa chakula na rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, kwa wiki kadhaa, mwani wanafukuzwa. Tumbawe linabaki jeupe kama mfupa. Halijafa bado, lakini lina njaa. Joto likipungua mapema, mwani wanarudi. Likikawia, nyumba inabaki tupu, majani ya bahari yanaifunika, na samaki wanahama. Bahari ya Hindi ilipata pigo kubwa la namna hiyo mwaka 1998, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo tena katika wimbi la matumbawe kuwa meupe, la nne.

Mwaka huo huo wa 1998, kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa hifadhi, na sehemu moja ya bahari yake ikafungwa kwa uvuvi. Wapemba husimulia kwamba jina Misali linatokana na msala, mkeka wa kusalia. Wavuvi wanaendelea kuvua sehemu zilizobaki, na si kila mmoja alipenda kufungwa huko. Mwenye watoto sita hawezi kuambiwa asubiri samaki wazae kana kwamba njaa nayo inasubiri. Fundi anawaelewa, sababu ni watu wa ndagala kama wa kwao. Lakini ameona kwa macho yake kwamba chewa wakubwa wapo pale ambapo hawasumbuliwi, na kwamba samaki hawajui mpaka ulipo: wakijaa ndani, wengine wanatoka nje na kuingia kwenye nyavu.

Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025. Dada amehama tena. Sasa anakaa na watoto katika chumba kimoja cha mbao kwa watu waliompokea, mahali ambapo usiku ni baridi zaidi. Kaka yake anaendelea kutuma kidogo kila mwezi na kuuliza swali lile lile kabla ya salamu kwisha, mpaka mama huko Baraka, ambaye bado haelewi kwa nini mzungu atoe pesa kuangalia samaki bila kumla, naye ameanza kuwauliza majirani zake mbabula inalala wapi.

Katika nyumba ile ya mbao wanalala watu tisa. Wenyeji walikuwa na mazoea ya kuingiza moto mvua ikinyesha. Dada ni mgeni, na mgeni hasemi sana kwenye nyumba ya watu. Wiki ya kwanza alinyamaza, akawa anasubiri wote walale, kisha anabeba mbabula kwa kitambaa na kuiweka barazani. Wiki ya pili mama mwenye nyumba alimshika akifanya hivyo na kumuuliza. Akamsimulia habari ya mtoto aliyevutwa nje kwenye mvua. Sasa ni mama mwenye nyumba mwenyewe anayetoa mbabula, na mtoto mkubwa wa dada ndiye anayemkumbusha.